Majina Mawili kwenye Kisanduku Kimoja

Kijiwe chetu ni meza ya mbao na mabenchi mawili, nje ya chumba cha kufulia nguo cha apatimenti zetu hapa Haltom City, Marekani. Waliiweka kwa ajili ya watu wa kuchoma nyama, ila tangu nihamie sijaona mtu akichoma hata soseji, basi tukaichukua sisi. Kila Jumamosi mchana Rukaya wa Tanga anashuka na flaski ya kahawa ya tangawizi na vikombe vya karatasi, na wanaofika ni walewale. Yupo Patroba, Mkenya, dereva wa malori, tunamwita Wakili kwa sababu sheria zote za Marekani amezisoma kwenye simu akisubiri kupakiwa mzigo. Yupo Polycarpe, tunamwita Directeur, alikuwa mwalimu mkuu kule Uvira na mpaka leo akikusikiliza unahisi anakutafutia kosa. Yupo Kalume, naye wa Kongo, anashona magodoro kiwandani. Huyu tunamwita Kimya, na sina haja ya kueleza kwa nini. Mimi ni Majaliwa, mtu wa Kigoma, kazi yangu mizigo ya ndege kule Euless. Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya Novemba 2018, mashine zinazunguka huko ndani, na Kimya alifika ameshika karatasi.

Aliiweka mezani, akaisogezea flaski juu yake upepo usiichukue, akakaa.

Wakili: Hiyo ni nini, buda? Kama ni ya korti usi-sign chochote. Nipe kwanza nisome.

Kimya: Ni devoir ya Carmel.

Rukaya: Homework? Basi mpe Directeur, leo atalala na furaha.

Carmel ni binti yake mkubwa, miaka kumi na mitano, yuko darasa la tisa. Mwalimu wa historia na maarifa ya jamii na mwalimu wa Kiingereza walikuwa wameungana kutoa kazi moja: upande wa mbele uchore ukoo wako, upande wa nyuma uandike insha juu ya mtu mmoja kwenye huo ukoo. Mti ulikuwa umeshachapwa. Chini kabisa kisanduku cha mwanafunzi, juu yake viwili vya baba na mama, juu yake vinne vya mababu na mabibi, basi. Carmel alijaza vyote kwa mwandiko mzuri, ila kwenye kisanduku cha baba aliandika majina mawili, Kalume na Gracien, yamebanana. Pembeni mwalimu wa historia kaandika kwa wino wa kijani: kazi nzuri sana, lakini kisanduku hiki ni cha jina moja. Chagua moja, urudishe Jumatatu.

Wakili: Gracien ndiye nani?

Kimya akanywa kahawa, akaweka kikombe, akakishika tena.

Kimya: Mudogo wangu. Tulizaliwa tumbo moja. Alikufa ku kambi ya wakimbizi, Carmel akiwa na miezi ine.

Wakili hata simu aliilaza kifudifudi, na huyo mtu simu anaoga nayo.

Rukaya: Pole, kaka yangu. Kumbe Carmel ni wa marehemu?

Kimya: Ni wangu. Mama yake, Généreuse, alikuwa muke wa Gracien. Wazee wa ukoo walikaa kule kambini, wakasema mama na mutoto hawatoki mu nyumba yetu. Njo maana nikamuoa. Na kwetu mutoto akikulia mu nyumba, hausemi tena huyu ni wa nani. Siku unasema, umemutoa inje.

Mimi: Na yeye Carmel alikuwa anajua?

Kimya: Nilizani hajui. Miaka yote nilizani. Kumbe mwaka jana alitujazia karatasi za uraia, yeye njo anatuandikiaga zote, akasoma mule ndani. Hakusema kitu. Jana anatoka ku shule, anaweka hii ku meza, anasema: Baba, wewe chagua, mimi siwezi. Kisha akaenda kukunja nguo za wadogo wake.

Nilimwangalia Kimya na nikamwonea huruma kweli. Mtu amefunga mlango miaka kumi na tano ili mtoto asisikie baridi, halafu mtoto anamletea ufunguo na kumwambia fungua wewe. Lakini kijiwe ni kijiwe. Ukileta shida yako pale, unapewa ushauri hata kama hukuomba.

Wakili: Sikiza. Usiguse hiyo kitu. Uko na interview ya citizenship mwezi ujao, si ndiyo? Hizi shule zina-share data. Hiyo karatasi inatoka kwa mwalimu, inaenda kwa ofisi, wana-compare na file yako. Ukiandika Gracien, watakuuliza wewe ni nani. Ukiandika Kalume, watakuuliza mbona hujasema ukweli.

Rukaya: Faili lenu linasemaje?

Kimya: Linasema kweli. Tangu kambini tuliandika kweli.

Rukaya: Basi wasiwasi wa nini? Makaratasi yanajua siku nyingi. Nyumba tu ndiyo haijasema.

Wakili: Mama, wewe huwajui hawa watu. Si unaona wameuliza mpaka bibi na babu? Kuna makampuni ya kupima mate. Wanakutumia kachupa, unatema, wanakuambia wewe ni asilimia ngapi ya nini. Sasa wasee hawanunui tena. Wakaona, wacha tuanzie shuleni. Leo ni homework, kesho ni kachupa.

Mimi: Wakili, mate ya Kimya yana faida gani kwa kampuni?

Wakili: We cheka tu.

Directeur alikuwa ameshaivuta ile karatasi na kuigeuza juu chini. Alivaa miwani. Tulijua tumekwisha.

Directeur: Mimi kwanza sioni mambo ya Gracien. Naona erreur grave, kosa kubwa ya mwalimu. Muangalie. Mutoto iko chini, ku mizizi. Babu iko juu, ku matawi. Donc mutoto njo anazaa babu? Mutoto anabeba wazee ku kichwa? Mimi singepitisha hii.

Rukaya: Directeur, ni mchoro tu.

Directeur: Hakuna muchoro tu! Na mti wenyewe haufai. Sisi hatuko mti. Mutu wa kwetu ukitaka kumuchora, chora migomba. Shina moja, watoto wanatoka kandokando, mukubwa anaanguka, yule wa pembeni anashikilia wale wadogo. Hapo Gracien ana mahali, Kalume ana mahali, hakuna mutu anaulizwa achague. Nipeni papier kubwa nitachora yote. Upande wa baba tu nahesabu watu sitini na tatu.

Mimi: Unawajua watu sitini na tatu wa ukoo wa Kimya?

Directeur: Nilifundisha nusu yao.

Wakili: Watatoshea wapi? Kwa ukuta wa laundry?

Directeur: Pourquoi pas, kwa nini hapana? Meneja wa nyumba ataweka hata taa.

Rukaya alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akatusimulia yaliyompata yeye, maana mwanawe Vicent alipewa kazi hiyohiyo mwaka uliopita. Kwenye mfano wa mwalimu kila babu na bibi alikuwa na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Vicent akaona ndivyo inavyotakiwa, akajaza, na bibi yake aliye hai huko Tanga akamwandikia 1951 mpaka 2017. Rukaya kwa furaha ya kuona mwanawe kapata alama za juu akaipiga picha, akaitupa kwenye kundi la familia bila kusoma vizuri.

Rukaya: Mama akanipigia simu. Anaongea taratibu kabisa. Mwanangu, nimeona kazi ya mjukuu wangu, anaandika vizuri, mashallah. Ila nilitaka kuuliza, nilikufa mwezi gani?

Hata Kimya alitabasamu, kidogo tu upande mmoja. Nikaona na mimi niseme la kwangu. Binti yangu Angel aliambiwa aandike sentensi tano juu ya baba yake. Nne zilikuwa za kawaida, ni mrefu, anatoka Tanzania, anapenda samaki, anafanya kazi uwanja wa ndege. Ya tano aliandika: baba yangu hupenda kukaa garini. Ni kweli. Nikitoka kazini nakaa garini pale parking dakika ishirini kabla ya kuingia ndani, nanyamaza tu. Sikujua kwamba huwa anachungulia dirishani akinisubiri nishuke. Nilisaini ile karatasi, kisha nikaenda bafuni kunawa uso.

Rukaya: Ndiyo maana nasema hizi kazi si za watoto. Wanapewa watoto, wanaojibu ni sisi. Mimi naona Jumatatu wewe na Carmel mwende kwa huyo mwalimu, nitawapa flaski, mkae naye mumweleze. Anaonekana mtu mwema. Aliyeandika kwa wino wa kijani si mtu mbaya.

Wakili: Rangi ya wino sasa ndiyo evidence?

Rukaya: Wewe ulishaandikiwa kijani lini?

Wakili: Mimi? Manze, mimi niliandikiwa nyekundu mpaka nikaacha shule.

Directeur: Inaonekana.

Wakati wao wanarushiana maneno, Kimya aliivuta karatasi kutoka mikononi mwa Directeur. Aliilaza mezani, akaipapasa kwa kiganja ikalala sawa.

Kimya: Munipe bic.

Rukaya alikuwa na kalamu mkobani. Akampa. Kimya aliinama, akapiga mstari mmoja juu ya jina Kalume, mstari ulionyooka kabisa wa mtu anayeshona magodoro kila siku. Likabaki Gracien peke yake.

Wakili: Buda! Umejifuta?

Rukaya: Kaka Kalume, hapana. Umemlea wewe. Nani alimpeleka hospitali? Nani alikaa naye pale benchi siku anajifunza kuendesha baiskeli?

Huo ndio wakati Kimya alipoongea kuliko nilivyowahi kumsikia, na hakupandisha sauti.

Kimya: Mimi niko mu karatasi yote. Muangalie. Lease ya nyumba, jina yangu. Insurance, jina yangu. Ku shule wakitaka kuita mutu Carmel akiugua, ni mimi wanaita. Hata kanisa, mu kitabu ya chorale, wameandika Carmel wa Kalume. Mudogo wangu hana kitu. Hana picha. Hana kaburi ya kuona, tuliiacha kule. Mahali moja tu mu Amerika nzima walimuandika, mu ile dossier ya uraia, na pale wameandika: mufu. Sasa mutoto wake mwenyewe kamupatia ka-boîte, kasanduku kamoja. Mimi nimunyanganye?

Directeur alivua miwani akaanza kuifuta na shati, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilimpenda sana yule mtu pale.

Carmel akatokea kwenye kona ya jengo, katoka mazoezi ya kwaya, sketi ya kanisani na raba, begi bega moja. Watu wazima wanne tukashika vikombe kwa pamoja tukajifanya tunakunywa.

Carmel: Shikamooni.

Rukaya: Marahaba, mama. Kwaya ilikuwaje?

Carmel: It was okay. Baba, umemaliza?

Kimya akamsogezea karatasi. Yeye akaisoma akiwa amesimama, begi halijashuka. Aliangalia ule mstari. Nilimwona anapitisha kidole juu yake, taratibu, halafu juu ya jina la Gracien.

Carmel: Ume-cross jina yako.

Kimya: Gracien njo baba yako wa kuzaa. Mwalimu anataka moja. Muandike yeye. Alikuwa mutu muzuri. Nitakuambia yote, leo nitaanza.

Carmel: Okay.

Akavuta pumzi. Macho yake yalikuwa bado kwenye karatasi, anatafuta, anapanda na kushuka kwenye vile visanduku. Kisha akauliza, si kwa hasira, kwa sauti ya mtoto anayeuliza chumvi iko wapi.

Carmel: Na wewe nakuandika wapi?

Wakili, yeye mwenye sheria zote, akaigeuza simu yake, akailaza tena kifudifudi. Directeur akavaa miwani, akaitazama karatasi mbele, akaigeuza nyuma, akairudisha. Rukaya akanitazama mimi. Mimi nikatazama mashine za kufulia kupitia kioo, zilikuwa zimesimama. Kulikuwa na kisanduku cha mama, viwili vya babu, viwili vya bibi. Mwalimu hakuacha nafasi ya mtu wa namna ya Kalume, na sisi wanne pamoja na Kiswahili chetu chote na Kifaransa cha Directeur hatukuweza kumwonyesha ilipo.

Kimya: Popote, Carmel. Haina shida. Mimi popote.

Carmel: Hapana. Niambie wapi.

Kimya alijaribu, na machozi yakaanza kumtoka mchana kweupe mbele yetu, wala hakujificha. Carmel akashusha begi chini, akajipenyeza kwenye benchi kati ya baba yake na Directeur, akamshika mkono ule ulioshika kalamu.

Carmel: Fikiria tu, Baba. Mimi nitangoja.