Soli Achagua Neno Moja

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu, pale barabara mbili zinapokutana. Fundi viatu mwenyewe tunamwita Soli. Kulia kwake hukaa Povu, dobi wa mtaa, ambaye ana methali kwa kila jambo na sijawahi kumsikia akiitumia hata moja mahali pake. Kushoto hukaa Gia, fundi magari, ambaye mikono yake haijatakata tangu nimjue. Mama anayetuuzia kahawa ni Birika, na ulimi wake ni wa moto kuliko kahawa. Mimi wananiita Mwalimu, kwa kuwa nilifundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu. Mchana ule Soli alikuwa na kiatu cha mteja mapajani na sindano mkononi, lakini hakushona. Macho yake yalikuwa barabarani. Mjukuu wake alikuwa anakuja, na walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana.

—Anakuja na mama yake, Soli akasema. Binti yangu. Walishuka jana, wakalala kwa shangazi. Wakati wowote watatokea pale.

—Sasa mbona umenuna kama kiatu kilichonyeshewa? Birika akauliza.

—Mtoto hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Kazaliwa huko kwa Waingereza, kalelewa huko, mama yake anashinda hospitali akiuguza watu. Kwenye simu ananipungia mkono, nami nampungia. Basi. Ana miaka sita sasa na tunapungiana tu, kama abiria wa treni mbili.

—Na Kiingereza chako wewe? Birika akauliza.

—Changu kiliishia getini mwa shule.

—Usijali, mzee, Gia akasema. Mtoto hushika lugha upesi.

—Watakaa wiki tatu. Nikimsubiri ashike lugha, atakuwa ameshika ndege. Mwalimu, nitafutie neno moja la Kiingereza. Moja tu, ila liwe la kazi nyingi. Viatu vyote vya mtaa huu navishona kwa sindano hii moja. Usinipe sanduku la sindano, nitajichoma.

—Si umwambie "karibu"? nikasema. Akiona unatabasamu, ataelewa.

—Karibu nitamwambia. Halafu? Karibu ni mlango, Mwalimu. Akishaingia ndani nimwambie nini?

Nikafungua kamusi niliyokuja nayo kwapani, ile nene ya shuleni, nikatafuta neno fupi ambalo ulimi wa mtu mzima ungelimudu. Kidole changu kikasimama kwenye "run", linalotamkwa "ran", ambalo kila mtoto niliyemfundisha alilijua: kukimbia. Nilidhani nitasoma mstari mmoja.

—Kukimbia, nikasoma. Hiyo ya kwanza. Ya pili, kutiririka, kama maji. Ya tatu, mashine kufanya kazi. Ya nne, kuendesha, kama mtu anavyoendesha duka. Ya tano...

Nikafunua ukurasa. Neno lilikuwa lile lile.

—Endelea, Gia akasema.

—Naendelea. Halijaisha.

—Neno gani hilo haliishi?

Nikafunua tena. Povu akainuka, akaja kusimama nyuma yangu aone kwa macho yake. Aliona safu za herufi ndogo ndogo zimejipanga kama sisimizi, zote za neno moja.

—Aisee! akasema. Hilo nalijua! Mteja mmoja aliniletea shati jekundu na mashuka meupe, akanionya, usiyachanganye, hiyo rangi ita-run. Nikamwambia, bwana, ikikimbia nitaishika. Nikaloweka pamoja. Mashuka yakatoka ya waridi. Ndiyo maana wahenga wakasema, mchovya asali hachovyi mara moja.

—Hiyo inahusu nini hapa? Birika akauliza.

—Inahusu kuloweka.

—Kwangu mimi ni injini, Gia akasema. Gari liko juu ya mawe, matairi nimeyang'oa, haliendi popote. Nikiwasha likanguruma tu, mwenyewe anaruka kwa furaha, eti "it's running!" Gari lililolala juu ya mawe, linakimbia! Siku zote nilidhani wateja wangu wana matatizo ya kichwa.

—Na pua, nikasema, kidole kwenye kamusi. Mtoto akiwa na mafua, pua yake inakimbia.

—Inakimbiaje na imeshonwa usoni? Soli akauliza.

—Ndivyo wanavyosema. Na barabara inakimbia kutoka mji mmoja hadi mwingine.

—Barabara! Ambayo imelala!

—Na mtu anayegombea uongozi, naye wanasema anakimbia.

—Hapo nawapigia saluti, Birika akasema. Ila wa kwetu hukimbia baada ya kupewa kura.

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa kidogo. Kitu fulani kilikuwa kimetushika. Nimefundisha neno hilo miaka yangu yote ya kazi, nikilichorea mtoto mwenye miguu miwili ubaoni, na sikujua kwamba nyuma ya mtoto yule kulikuwa na umati namna hii.

—Kuna hii hapa, nikasema. Babu akiwa na masikio makubwa, na mjukuu akazaliwa na masikio makubwa, wanasema masikio hayo yanakimbia ndani ya ukoo.

Soli akaacha kutazama barabara.

—Wanasema hivyo kweli?

—Kweli kabisa.

Akainua mkono polepole, akashika sikio lake. Lilikuwa kubwa, hatukuwahi kulitaja, kwa adabu.

—Kwenye simu nimeliona, akasema. Analo hili. Hili hili.

—Mimi najua ilivyokuwa hata neno moja likapewa kazi zote hizi, Gia akasema baadaye, kwa sauti ya chini. Waingereza walikuwa watu wa meli. Meli haina nafasi. Mkitaka kupakia mapipa, lazima mteremshe kitu. Wakateremsha maneno. Yaliyobaki yakafanya kazi za wenzao, kila moja likabeba mizigo ya kumi.

—Wapi! Povu akasema. Neno hili lilikuwa yatima. Mnajua yatima anavyotumwa na kila jirani? Kachote maji. Kasukume mashine. Kampigie kampeni mjomba. Kamfute yule mafua. Nalo halikuwa na mama wa kulisemea, likakua halijui kukataa. Kikulacho ki nguoni mwako!

—Povu, jamani.

—Si nguo? Mimi ni dobi.

—Tusiwacheke sana wenzetu, nikasema. Sisi je? Tunapiga simu.

—Ndiyo.

—Simu imekosa nini?

Gia akaitoa simu yake mfukoni, akaitazama.

—Tunapiga mswaki, nikaendelea. Tunapiga picha. Tunapiga hodi, tunapiga chafya, tunapiga magoti. Wewe Povu kutwa unapiga pasi.

—Na haijawahi kunishtaki!

—Tunapiga hatua, Soli akasema. Hatua unaipiga na nini, na mguu ndio hiyo hatua?

—Tunapiga kimya, Birika akasema.

—Loo! Kimya!

—Kimya unakipigia wapi, na ukikipiga si kitalia?

Nadhani kila mmoja alikuwa anajaribu kuona mkono unaopiga kimya. Tumesema maneno hayo tangu tunyonye, tumeyatumia kuombea kazi na kuposea wake, wala hatukuwahi kuyainua tuangalie chini yake kuna nini.

Birika alikuwa wa kwanza kusema. Aliweka chombo chake chini.

—Nyinyi wanaume mmekosea wote. Neno hilo halina maana nyingi. Lina moja.

—Na kurasa zote hizi? nikauliza.

—Moja. Kutotulia. Maji hayatulii. Injini haitulii. Rangi, pua, mgombea, hakuna anayetulia. Hata masikio ya Soli hayakutulia kwake, yamevuka bahari yakatokea kwa mtoto. Wenzetu walitazama wakaona kitu kimoja. Sisi ndio tulioona vingi. Mwalimu, si ulinifundishia wanangu kwamba dunia inazunguka?

—Inazunguka, nikasema.

—Sasa hivi?

—Sasa hivi. Na inakwenda mbio sana.

—Haya basi. Tumejikalia hapa tunajidai wazee wa kijiwe, na benchi linakimbia.

Sikumwona aliyeanza, lakini nilipotazama chini, sote tulikuwa tumeshika ubao kwa mikono miwili. Povu alikuwa amefumba macho. Lori lilipita, vikombe vikagongana, na Gia akasema "mama yangu" kama mtu aliye juu ya mti.

—Nalichukua, Soli akasema.

—Unachukua nini?

—Neno. Nalichukua hilo hilo. Ukiwa na neno kama hilo umemaliza. Nitamwonyesha bomba, niseme "run". Nitamwonyesha gari la Gia, "run". Kibanda changu, "run". Nitashika sikio langu, nishike lake...

Hakumaliza. Akaanza kujizoeza. Akaelekeza kidole kwenye bomba lililokuwa likivuja ng'ambo ya barabara, akasema "ran". Akaelekeza kwenye pikipiki iliyopita. Akaelekeza kwenye barabara yenyewe, na hapo sauti yake ikawa ya heshima. Nilitaka kumwambia jambo kuhusu watoto wa miaka sita, ambao nimekaa nao kuliko nilivyokaa na watu wazima. Lakini alikuwa amelishika neno lile kama mtoto anavyoshika chaki kwa mara ya kwanza, kwa kiganja kizima, nikaona nisimnyang'anye.

—Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, Povu akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake methali ikakaribia kumfaa mtu. Soli akamkazia macho.

—Umesema nini?

—Nimesema wale pale.

Walikuwa wanakuja kwa upande wa jua. Mwanamke mrefu aliyebeba mkoba, na msichana mdogo aliyevaa viatu vya turubai, anayeruka nyufa za barabarani. Soli alisimama ghafla. Kwa bahati mbaya Birika alikuwa ndiyo kwanza amempa kikombe, na kiatu cha mteja alikidaka kwa mkono wa pili kisianguke.

—Shikamoo, baba, binti akasema, na sauti ikamkatika.

—Marahaba, mwanangu. Marahaba.

—Shikamooni, wazee wangu.

Tukaitikia. Msichana alisimama pembeni ya mama yake akimtazama babu yake kuanzia aproni hadi utosini. Masikio yalikuwa yale yale. Soli naye akamtazama. Akatafuta kidole cha kuelekezea kitu, mkono mmoja kahawa, mwingine kiatu, na bomba likiwa ng'ambo kule likivuja bure. Neno likamtoka peke yake, bila kuelekezwa popote, tena kwa sauti ya mtu anayeita kuvuka mto.

—Run!

Msichana akatazama nyuma yake. Hakukuwa na mbwa wala gari. Akatutazama sisi. Kisha akamvuta mama yake mkono, akauliza kitu kwa Kiingereza, kidogo na laini. Mimi na kamusi yangu hatukukisikia vizuri.

—Anasemaje? Soli akauliza.

Binti yake alikuwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

—Baba, anauliza, wapi?

—Wapi?

—Umemwambia akimbie. Anauliza mkimbilie wapi.

Soli akanitazama. Nikatazama kamusi. Zile kurasa zote, na maji yake, na mashine zake, na wagombea wake, hazikuwa na hilo. Povu alifungua mdomo ili aseme methali, tukasubiri, haikuja. Hata Birika, aliyetukimbiza na dunia nzima muda mfupi uliopita, hakuwahi kujiuliza tunaelekea upande gani.

Na mtoto hakuwa anacheka. Alikuwa anasubiri kwa adabu, kama wanavyosubiri watoto wanaoamini kwamba mtu mzima akisema jambo, analijua. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshatangulia.

Soli akampa Birika kikombe. Kiatu akanipa mimi.

—Wapi, akasema tena, taratibu, akijisemea.

—Wapi! mtoto akaitikia, akiiga sauti yake, akidhani ndivyo mchezo unavyokwenda.

Mzee akashtuka. Kisha uso wake wote ukafunguka. Akanyoosha mkono, mtoto akaushika, na Soli akaelekeza kidevu upande wowote tu, upande ambao barabara ilikuwa tupu.

—Wapi! akasema.

—Wapi! mtoto akasema.

Wakaondoka. Mwanzoni mtoto ndiye aliyekuwa anamvuta, aproni ikimpigapiga mzee magotini. Kisha Soli akapata mwendo wake, mwendo wa ajabu, viwiko vimetoka nje kama bata, na wakapita duka, wakapita nyumba ya kona, wakiitana neno lile kwa zamu mpaka hatukusikia tena.

Tulikuwa tumesimama wote. Sijui tulisimama saa ngapi.

—Miaka yote hii, Gia akasema, sikujua mzee ana mbio.

Binti aliweka mkoba chini. Alikaa kwenye ubao, mahali pa baba yake, akiitazama kona ile.

—Hata mimi, akasema. Tangu nizaliwe, baba nimemwona amekaa.