Buji nne za Mama Rabia

Kabla basi halijatoka mtaa wa Bel-Air vizuri, Mama Rabia, muuza vitenge, alifungua mkoba akamwonyesha jirani yake wa kiti buji nne za zamani, plagi za injini ya pick-up yake. Jirani ni Papa Gauthier, mstaafu wa reli. Majina walipeana wakingojea basi. Nilikaa nyuma yao, na sikuziba masikio.

"Kila mwaka mbele ya Idi nabadilishaka," mama alisema. "Hizi fundi wangu wa Bel-Air alizitoa leo asubuhi."

Papa aligeuza moja kwenye mwanga. "Lakini iko muzuri, mama. Rangi ya chai ya maziwa. Buji haijuake Idi, inajua kilometa."

"Compteur ya kilometa ilikufa zamani. Idi haikufa."

Mimi ningempa mama ushindi hapo. Papa hakumpa. Alisema mafundi banakula pesa ya bantu bure.

"Mimi hapana. Mwaka jana nilipaka kila buji mupya verni nyekundu ya kucha, fundi asiache za zamani ndani na kunirudishia za muntu mwingine. Kesho napeleka muzigo Kambove, sitaki gari inikoholee mu njia."

Papa aligeuza buji ya kwanza, ya pili, zote nne. "Verni iko wapi?"

Mama alizisugua moja moja kwa ncha ya kitenge.

"Pengine moto iliiunguza," papa alisema, kwa sauti ya watu wanaotoa pole matangani.

"Pengine," mama alijibu, akamgeukia dereva. "Shofa, uniache hapa."

Hapakuwa na kituo. Basi likasimama, mama akashuka, akavuka barabara na kungojea linalorudi Bel-Air.