Neno Alilomfundisha Mumewe

Kwenye basi letu la kwenda mtaa wa Karantina, hapa Jeddah, mwanamke mmoja, Selipher, mfanyakazi wa ndani, alimwambia mlinzi wa bandarini aliyeketi kando yake kwamba mumewe, aliyebaki kwao na watoto, amemwacha kwa simu. "Alisema tu 'halas', yamekwisha. Na hiyo halas nilimfundisha mimi."

"Pole, dada. Si urudi nyumbani? Watoto wanakungoja."

"Nyumbani gani? Kuna mwingine anapika kwa jiko yangu. Watoto wanamwita mama."

"Na hapa unaitwa nani?"

Selipher akajibu, "Hapa naitwa 'yalla, haraka'."

Mlinzi alicheka peke yake. Wakubwa wetu wa serikali kule nyumbani, wanaotuita mashujaa kwenye hotuba sisi tunaofanya kazi ugenini, hawajawahi kuuliza swali hilo.

Basi likasimama. "Halas," dereva akatangaza mwisho wa safari. Tukashuka sote, ila Selipher.