Apolonia Mayunga, Aliyesikiliza Bila Kuchagua Upande

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa Masunga tunawasomea maisha ya mama yetu, kama tulivyoyahakiki kwa wazee na kwa vyeti vilivyopo.

Apolonia Mayunga alizaliwa tarehe 9 Februari 1946 kijijini Nkoma, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mayunga na mama Martha, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1958, hakuendelea kwa kuwa shule ya kati ilikuwa mbali. Tarehe 17 Julai 1965 alifunga ndoa na Athanasi Masunga, wakahamia hapa Ngulyati, wakalima pamba na mahindi, na Mungu akawajalia watoto watano, wa kwanza akiwa Thomasi, na wa mwisho, Elia, akatangulia mwaka 1979 akiwa mchanga.

Mama hakuimba kwaya hata siku moja, alisema mwenyewe kwamba sauti yake inatisha ndama, ila kusikiliza ndiko kulikokuwa raha yake. Msimu wa pamba wa 1994, wanunuzi binafsi walipoingia, baba alitaka jembe la kukokotwa na ng'ombe, mama akataka redio ya kanda, ikanunuliwa redio, jembe likasubiri mwaka. Kanda ilikuwa moja tu, misa ndefu ya waimbaji wengi na okestra, aliyoachiwa na padri aliyehamishwa, akawa anaipiga kila Jumapili mchana, na hakuna aliyeruhusiwa kutwanga mpaka iishe.

Baba amekulia kwenye mashindano yetu ya ngoma, ambako vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja na chenye watazamaji wengi ndicho hushinda, hivyo aliamini waimbaji na wapiga fidla wanashindana, akashika upande wa waimbaji, akawa anauliza kutoka uani, "Mama Thomasi, leo tumewachapa?" Mama alimjibu, "Ngoja kwanza niwaone kwa macho."

Alingoja miaka kumi. Tarehe 16 Oktoba 2004 tuliwapeleka wote wawili Mwanza, ambako kwaya za mjini ziliungana na wapiga vyombo wageni, wakaimba misa ileile, na mama hakugeuza shingo tangu mwanzo. Walipomaliza, baba akauliza, safu tatu zikasikia, "Haya, nani kashinda?"

"Baba Thomasi, hukuona? Kabla ya kuanza wamevuta pumzi wote pamoja. Hao ni kikundi kimoja."

Njiani kurudi, tulipofika Magu, baba akasema, "Yaani miaka kumi nimeshangilia bure," wakacheka mpaka Bariadi.

Machi 2005 mama alianza kuugua moyo, akatibiwa Bariadi na Mwanza, akafariki nyumbani tarehe 4 Agosti 2005, saa nane mchana, kanda ikiwa upande wa pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchimba, na wakulima wenzake. Aliacha ombi moja, kwamba kwaya ya parokia na kwaya ya majirani zetu Waprotestanti, ambazo misibani hupokezana kila moja ikitaka kuizidi nyingine, zimwimbie pamoja. Walimu wao, Januarius na Goodness, walisita, baba akaenda kuwaomba mwenyewe, wakakubali, nao wamesimama hapa mstari mmoja.

Baba anasema leo hatauliza nani kashinda.

Pumzika kwa amani, mama. Wanavuta pumzi.