Shingo Tupu ya Mama Koleo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu Mama Koleo anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Karakana nzima imechangamka tangu asubuhi. Hata msimamizi wetu, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, ameonekana akipiga mluzi huku akipanga viti. Mimi hufunga bangili meza ya pili kutoka kwake, na leo nimepewa heshima ya kumsema hadharani bila yeye kuruhusiwa kujibu.

Aliajiriwa kufagia. Siku moja aliokota sakafuni vipande vya waya na vifungo vya mashati, na kabla ya chai ya saa nne alikuwa amevigeuza hereni. Fagio likapata mtu mwingine, naye akapewa koleo la kukunjia waya ambalo hajaliweka chini hadi leo. Jina lake la kuzaliwa tunalisikia siku ya mshahara tu.

Ndiye aliyetufundisha shanga za karatasi: unakata pembetatu nyembamba, unaiviringisha kwenye sindano nene, unaipaka gundi kidogo, kisha vanishi. Kwake hakuna karatasi ya kutupwa. Mwaka wake wa kwanza mezani aliona picha nzuri ukutani, akaikata. Kumbe ilikuwa kalenda ya mwaka huohuo! Sikukuu ikafika bila sisi kujua, sote tukaja kazini tumechana nywele vizuri, na mwezi wenyewe umeanikwa kwenye uzi, unasubiri vanishi ikauke. Mlinzi alitucheka mpaka akaketi chini.

Lakini sifa yake kubwa ni lile jaribio. Mkufu mpya hauingii kabatini kabla hajauvaa kutwa nzima. Anainama nao, anabeba ndoo nao, anauvuta kama anayemvuta mbuzi mkaidi. Ukikatika, aliyefunga fundo anaanza upya, hata akiwa msimamizi. Ndiyo maana mikufu yetu hairudishwi. Tatizo ni wateja: wakiingia, kabati lote hawalioni, wanautaka uleule wa shingoni mwake. Naye kusema hapana hajui. Anauvua, anaufunga vizuri kwenye karatasi, na jioni anarudi nyumbani shingo tupu.

Alipokaribia kumwoza binti yake, alijitengenezea mkufu wa mbegu nyeusi na waya wa shaba. Tulikatazwa hata kuugusa. Siku moja kabla ya harusi akauvaa kuujaribu, maana sheria ni sheria, akaingia bibi mmoja aliyetafuta zawadi ya dada yake aliyetoka hospitali. Mnajua yaliyofuata. Picha za harusi zipo: mama wa bibi harusi anatabasamu, kitambaa kimefungwa shingoni hadi kidevuni. Aliniambia asijali mtu, atajitengenezea mwingine kesho. Iliniuma sana. Kesho hiyo ameisogeza mwaka hadi mwaka, na leo haina tena pa kusogea.

Basi Mama, niruhusu nikugeukie mwenyewe. Ule mkufu uliokabidhiwa asubuhi uujaribu, ambao umeuvaa hapo ulipoketi, haukuagizwa na duka lolote. Ni wako! Kila mmoja wetu ameviringisha shanga zake. Zilizopinda ni za msimamizi. Karatasi yake ni ukurasa wa Juni wa kalenda yetu, uleule ambao ulitugombeza wiki nzima ukiuliza nani kauchana ukutani. Asubuhi ulipouvuta, karakana yote ilibana pumzi. Ukauvuta tena, kwa nguvu zaidi, ukasema fundo hili limefungwa na mtu anayejua kazi. Tuliolifunga tulikimbilia stoo kurukaruka.

Asante kwa mikono uliyotufundisha kuitumia, kwa vicheko, na kwa kila fundo ulilotufungulisha likawa bora zaidi. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wasiogusa koleo lako.

Mlinzi ameshaagizwa: mgeni yeyote akiulizia bei ya mkufu huo, aelekezwe kabatini. Na binti yako yule amekuja, yuko mlangoni na kamera. Safari hii, Mama, kitambaa kiache mkobani.