Risala ya Karakana ya Iyunga Juu ya Waya Uliobanwa na Juu ya Dereva Aliyesingiziwa

Mgeni rasmi, Bwana Meneja wa Mabasi ya Kipengere, umefika. Pole kwa vumbi la njia ya Igawa. Sisi mafundi, madereva na matingo wa Iyunga tunakukaribisha kwa mioyo miepesi. Ungekuja mwezi uliopita, ungetukuta tumeinamisha vichwa.

KARAKANA YETU

Tulianza mwaka 1951 kwa mabasi mawili na jeki moja. Leo, Agosti 1957, mabasi ni tisa. Hayo utayaona kwa macho. Tunaomba masikio yako kwa habari ya basi namba saba na dereva wake, Philbert Kalinga.

MASHAKA

Tangu Aprili basi hilo lilizimika njiani mara nne, kila mara likiwa limejaa abiria. Fyuzi ya pampu ya petroli iliungua. Philbert akitia mpya, nayo inaungua. Tukilivuta hadi hapa, watu wameshashuka, tukatia fyuzi nyingine, linawaka kana kwamba halijapata kuugua. Tukaandika kitabuni: "Gari ni zima."

Sasa kama gari ni zima, mbovu ni nani? Philbert alipewa barua ya kusimamishwa, kwamba anaunguza fyuzi makusudi ili akwepe safari. Yeye ni mzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mkewe, Mama Matilda, alikuja getini. "Mume wangu hajui uongo, hata ule wa kumnyamazisha mtoto," alisema. "Tazameni tena."

KAZI YA ANYITIKE

Maneno yale yalimchoma fundi wetu wa umeme, Anyitike, kwa kuwa ndiye aliyetia sahihi kwenye "gari ni zima". Chakula kikamshinda. Siku ya tatu akamwendea msimamizi wa karakana.

"Bwana, tulilipima likiwa tupu. Ugonjwa wake ni wa kubeba watu. Nipe watu."

Tuliingia sote, thelathini na wawili, hata mpika chai. Anyitike alikuwa ameitenga pampu na waya wake, na mahali pa fyuzi ameweka taa kubwa pamoja na kile kifaa kinachowasha na kuzima taa za kugeukia. Kama waya ungekuwa mzima, taa isingewaka, kwa kuwa umeme usingekuwa na pa kwenda. Tulipokaa, ikaanza: inawaka, inazima, inawaka, inazima.

"Umeme unavuja," alisema. "Tuufuate."

Akatoa dira aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma, akatambaa nayo kati ya miguu yetu, juu ya njia ya waya. Umeme ukipita, mshale wa dira hushtuka. Benchi la kwanza ulishtuka. La pili, la tatu, la nne, ulishtuka. La tano, ukatulia tuli.

"Ni hapa, kati ya la nne na la tano! Shukeni, nileteeni bisibisi!"

Tuling'oa ubao wa sakafu. Waya ulikuwa umebanwa na bolti, ngozi yake imechunika, shaba inang'aa. Watu wakikaa, sakafu inaukandamiza kwenye chuma. Na bolti ile, Bwana Meneja, tuliifunga sisi wenyewe mwezi Machi tulipobadili mbao.

Anyitike hakunawa hata mikono. Alipanda baiskeli hadi Mwanjelwa, akamkuta Philbert akipalilia viazi.

"Mzee Kalinga, waya ulibanwa. Tuliubana sisi. Nisamehe."

Philbert aliketi palepale kwenye tuta. Akaita kwa sauti ambayo majirani walikuwa wameisahau: "Mama Matilda! Njoo usikie kwa masikio yako!"

Jumatatu msimamizi alimrudisha kwenye usukani. Tangu siku hiyo basi limekwenda Iringa na kurudi mara kumi na moja, limejaa, bila kuzimika.

MAOMBI

Tunaomba taa za kupimia na dira mbili, moja ikae hapa, nyingine kwa wenzetu wa Iringa.

Ombi la pili ni fupi. Philbert anaendesha, lakini barua ile bado imo katika faili lake. Sahihi iliyo chini yake ni yako, Bwana, wala hapana mkono mwingine hapa Iyunga uwezao kuiondoa.

Mungu akulinde katika kila kona na kila mteremko, akufikishe kwa watu wako.

Ni sisi,
Mafundi, Madereva na Matingo,
Karakana ya Iyunga, Mbeya.