Shangazi wa Barua Taka Anatuaga

Mwisho wa mwezi huu Shangazi atatimiza miaka ishirini na sita katika ofisi yetu ya kusajili majina ya tovuti na kupitisha barua pepe za wateja, na siku hiyo hiyo atakabidhi funguo na kustaafu. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi. Mwenyewe ameomba lisitajwe hapa, na nani kati yetu ana ubavu wa kumbishia? Sote humwita Shangazi, hata meneja anayemzidi umri.

Alianzia chumba cha nyuma, penye feni moja na mashine zinazovuma mchana kutwa kama mtu anayejiimbia huku akifua. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya barua taka, zile barua pepe za matangazo na utapeli ambazo hakuna aliyeziomba. Baada ya chakula cha mchana alipenda kukaa dirishani, macho nusu yamefumba, jua likimwangukia mabegani. Wageni walidhani kasinzia. Kumbe alikuwa anaziwaza barua zinazopita humo ndani muda ule: mama anamjulia hali mwanawe, mtu anaomba kazi, mwingine anaomba radhi, na katikati yao matapeli wanapenya na mafuta yao ya kuotesha nywele. Akinisimulia hivyo mimi wa meza ya pili, nami hujikuta nazisikia zikipita taratibu, na ripoti yangu inalala.

Kila asubuhi alichambua barua zilizonaswa na kichujio cha mashine kwa kudhaniwa ni taka, kama mtu anayechambua mchele, asije akatupa chema pamoja na uchafu. Alisoma vichwa tu. Ndani ya barua za watu hachungulii ng'o! Mhasibu wetu yuko hapa leo kwa sababu barua yake ya kuomba kazi, iliyojaa alama za mshangao, ilinaswa humo, Shangazi akaiokoa. Alama hizo hajaziacha hadi leo.

Ila ukitaka kumjua Shangazi, sikiliza kisa cha mshonaji, ambaye ameturuhusu kukisimulia. Alikuwa na tovuti ndogo ya kuuza nguo za watoto. Matapeli wakaiba nywila yake, wakaanza kumwaga barua taka kwa jina la tovuti ile. Wale wanaotunza orodha ya watumaji wa barua taka, ambao ukiingia humo barua zako hazipokelewi popote, wakatujia juu: tuzikomeshe upesi, la sivyo barua za wateja wetu wote zitazuiwa. Malalamiko yakamiminika. Moja lilitoka kwa bwana mwenye adabu kupita kiasi, akitaka jina la mwenye tovuti, simu yake na mtaa anaokaa. Enzi hizo tulikuwa tunatoa bila kuuliza.

Shangazi akasita. Wengine wote walituma barua taka walizopokea, na walichotaka ni zikome. Huyu hakuleta hata moja. Alichotaka yeye ni kujua nyumba ya mshonaji ilipo. Akampigia mshonaji simu, akamweleza. Mshonaji akasema huyo ni mumewe, ambaye yeye alimtoroka na watoto wawili, na kwamba mume huyo aliapa akimpata atamuua.

Meneja wa wakati ule alitaka tutoe jina, au tuifute tovuti kabisa, tupumue. Shangazi akagoma. Alisema tukiifuta, wale watoto watakula nini, na tukilitoa jina, watabaki na mama gani? Akakaa kwenye simu na mshonaji mchana mzima, wakibadilisha nywila na kuziba kila upenyo. Kabla hawajamaliza tukafungiwa kweli. Barua za shule, zahanati na maduka zikakwama. Mashine zilivuma bila kitu kupita, ofisi ikapoa kama nyumba siku ya pili ya harusi. Kesho yake simu ya Shangazi ilipokea matusi ya mji mzima, naye anajibu tu, pole mwanangu, nivumilie kidogo. Jioni tukafunguliwa. Yule bwana aliandikiwa sentensi moja: barua taka zimekomeshwa, ahsante kwa taarifa. Hakuandika tena.

Utaratibu wetu wa leo ulizaliwa siku hizo. Anayemtaka mwenye tovuti huacha ujumbe kwetu, nasi tunaufikisha. Kujibu au kunyamaza ni shauri la mwenyewe.

Kamati ya sherehe ilipotaka kumwalika mshonaji, tulimwomba Shangazi anwani yake. Alitutazama, akatikisa kichwa, akachukua kadi, akasema ataifikisha yeye. Kama alijibiwa, hajatuambia, nasi tumekoma kuuliza.

Shangazi, tunakupenda, na tutakukosa mno. Ahsante kwa kila barua iliyofika kwa sababu yako. Nenda salama, ule uzee wako kwa raha, na wajukuu wakuchoshe vizuri.

Nawe dada mshonaji, ikiwa kadi ilikufikia na umeketi mahali fulani humu ukumbini na wanao, karibu sana. Hakuna atakayekuuliza jina.